Ng'ombe Kwenye Kikwembe cha Muji

Songo, Uvira, tarehe 8 Mei 2023

Marcellin mudogo wangu,

Bahasha yako ilifika jana na Osée wetu wa kusafirisha mizigo, imekunjwa mara nne kama karatasi ya kodi, lakini kipande cha kikwembe ndani hakikuwa na kosa. Nimekilowesha, nimekisugua na sabuni, nimekianika kwenye jua la saa sita. Rangi haikutoka. Kwa hilo, hongera. Sasa kaa chini, maana iko mengine.

Nikueleze kwanza vile mambo iko huku, kwa sababu komite inakuandikia kwa lugha ya komite. Muji unapeleka watu thelathini na nane Kigoma, kwenye maonyesho ya miji ya ziwa, tarehe 12 mwezi wa nane. Wote watavaa kikwembe kimoja, hicho kitenge weye unachora huko kiwandani Dar, na minye njo nitawashonea. Monsieur Étienne, prezida wa komite, alituita mwezi wa nne akasema miji ya leo haishindani kwa fimbo, inashindana kwa nguvu laini. Gédéon wa wavuvi akauliza kama nguvu laini njo ile muntu anatumia kwa mama mkwe wake. Watu wakacheka mpaka benchi ikalia. Étienne akasema ndiyo, karibu vile: akupende kabla hujamuomba kitu.

Minye sikucheka. Hiyo nguvu naijua. Mashine zangu nne hazikuletwa na komite. Zililetwa na gauni moja ninayotundika mlangoni kila asubuhi, muntu apite, asimame, ageuke.

Sasa vipimo. Upana wa kikwembe ni sentimita 115. Kwenye karatasi yako jina UVIRA umeliweka kati ya 25 na 40 kutoka ukingo wa juu. Mwanamuke akijifunga anakunja tano kiunoni. Jina linabaki kati ya 20 na 35. Marcellin, minye nimepima makalio ya wanawake wa muji huu miaka ishirini na mbili. Yanaanzia 17, yanaishia 38. Mama muzima wa heshima atafika Kigoma, atakaribishwa kiti, atakalia muji wake mbele ya wageni. Wageni watasoma nini? "Uvira" iliyokunjamana. Ushushe jina mpaka kati ya 85 na 100, chini ya goti, pale muntu aliyekaa mbele yake anaweza kulisoma bila kuona haya. Hakuna aliyeniuliza. Wameuliza mwalimu, wameuliza muntu wa radio, mushonaji hawakumuuliza.

Kitu cha pili. Kipande ulichotuma kiko na ziwa na ndagala, basi. Juu umekata. Kwenye karatasi umeandika "mlima" tu. Minye mwenyewe njo nilisema kwenye ile mkutano: ziwa, ndagala, nyumba za muji, mulima, na juu ya mulima ng'ombe wa pembe ndefu. Watu kumi na moja walinyamaza. Kisha Gédéon akasema, "Aandikwe." Akaandikwa. Nitumie kipande cha juu nimuone.

Usinijibu kwa simu. Simu ya komite iko na kundi la watu sitini, na nguo haipiti kwenye simu.

Yaya wako,
Nyirabahizi


Mbagala, Dar es Salaam, 17 Mei 2023

Yaya Nyirabahizi,

Nimesoma barua yako nikiwa kazini na nikacheka peke yangu hadi mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza nimepata mchumba. Nimemwambia nimepata vipimo. Jina nimelishusha, 85 mpaka 100, kama ulivyosema. Bosi wangu aliuliza kwa nini. Nilimweleza kwa mikono, bila maneno, na akakubali haraka sana.

Unaona Kiswahili changu kimebadilika? Hapa ukisema "minye" watu wanakuuliza umeshuka na treni gani, na ukisema "yaya" wanadhani ni mlezi wa watoto, hawajui kwamba kwetu ni dada mkubwa, hata asiye wa damu. Lakini naota kwa lugha ya kwetu bado.

Bosi anafundisha mambo mengi, yaya. Kwake kuchora kitenge cha mji si sawa na kuchora maua. Anaita hiyo kazi "chapa ya mji". Anasema mtu wa mbali akiona kitambaa kwa sekunde tatu, lazima abaki na hisia moja tu, nzuri, isiyo na maelezo. Ukimpa hisia mbili, anasahau zote. Nilipokuwa mdogo kwenye benchi yako Songo, nikichora juu ya karatasi zako za kukatia, hukuniambia sekunde tatu. Uliniambia nisiharibu karatasi.

Nakutumia kipande kingine: ziwa lenye rangi mpya, bluu ya saa nne asubuhi, na paa za nyumba. Sehemu ya mlima bado iko kwenye kompyuta, rangi za kijani zinasumbua.

Ukipita Makobola, nisalimie mama. Aliniambia kwa simu kwamba magoti yanamuuma lakini samaki hawangoji magoti.

Mdogo wako,
Marcellin


Songo, 28 Mei 2023

Marcellin,

Bluu nimeipenda. Paa pia. Umeweka hata lile paa la kutu la sokoni, njo maana nakuamini macho.

Mkutano wa jana ulikuwa wa kutafuta neno la muji, yale maneno ya kuandika juu ya meza yetu kule Kigoma. Yaliletwa maneno kumi na matatu. "Uvira, mlango wa ziwa." "Uvira, tabasamu la Tanganyika." Gédéon akasema ziwa likitabasamu, muvuvi anakimbia. Étienne alitaka kura, tukapiga, na kila neno likapata kura ya yule aliyelileta. Tumetoka bila neno. Kwangu ni sawa. Gauni ya mlangoni haina maandishi.

Lakini sijaona mulima. Nimekuuliza mara moja, hii ni mara ya pili, na unanijua: muntu anayetaka nirudie mara ya tatu nalipiza kwa urefu wa mikono ya shati.

Nikuambie kwa nini, nisikufiche. Mwaka huu natimiza miaka ishirini na tano Songo. Nilishuka kutoka juu, kwa wafugaji wa mulimani, na mutoto tumboni na sindano mbili. Mwaka jana nilianza kuhesabu ni mara ngapi watu wananiuliza, "Weye unatoka wapi?" Niliweka alama kwenye ukuta, nyuma ya mashine ya tatu. Kwa mwaka muzima: mara sitini na moja. Mara tatu muntu aliuliza kwa kutaka kujua. Hizo zingine hamsini na nane hazikuwa swali.

Nimewashonea wale wale wanaouliza. Nguo za ubatizo, za ndoa, za kuzika. Sikatai. Ila nilipomutaja ng'ombe kwenye mkutano sikuwa natafuta pambo. Maziwa ya muji huu yanatoka wapi? Ile siku ya harusi, nyama inatoka wapi? Inashuka kwa miguu kutoka kule juu, na watu wetu nyuma yake. Baba yangu alimpa ng'ombe muntu wa tambarare ya Ruzizi, Nkeshimana, mukatoliki, mulimaji wa mpunga, si ndugu yetu. Kwetu ukimpa muntu ng'ombe, hamjauziana, mmekuwa kitu kimoja. Watoto wake wakiugua unauliza habari. Wajukuu wa huyo Nkeshimana mpaka leo wananiita shangazi. Kama Étienne anatafuta nguvu laini, hiyo ilikuwa inatembea na pembe kabla hajazaliwa.

Sitaki muntu anifanyie huruma. Nataka ng'ombe asimame mahali pake kwenye kitambaa sawa vile samaki anaogelea mahali pake. Hakuna anayemuuliza samaki anatoka wapi.

Mutoto wangu Ikirezi yuko kwenye liste. Atasimama mbele ya meza kupokea wageni, kwa sababu anajua Kiswahili, Kifaransa, Kirundi na kunyamaza. Minye siko kwenye liste. Thelathini na nane wanaenda, mushonaji anabaki. Haya.

Nitumie mulima.

Nyirabahizi


Mbagala, 8 Juni 2023

Yaya,

Kwa haraka, Osée anaondoka. Mlima umetoka vizuri, kijani ya mwezi wa nne mvua inapokwisha. Komite imeona picha nzima na kuweka saini wiki jana. Mashine zinaanza kuchapa Jumatatu, na majora yataondoka Dar tarehe 20 kwa lori hadi Kigoma, kisha boti.

Kipande cha mlima sina kwa sasa. Utauona wote majora yakifika. Nisamehe, kazi imenizidi. Nitaandika kwa urefu.

Marcellin


Songo, 4 Julai 2023

Marcellin,

Robota zimefika jana. Nimezifungua minye mwenyewe kwa wembe, mbele ya wasichana wangu wanne. Tulitandika jora la kwanza kutoka meza hadi mlangoni.

Ziwa iko. Ndagala iko. Paa iko, jina liko chini ya goti. Mulima uko. Ni muzuri, Marcellin, nasema kweli, muzuri mpaka wasichana walipiga vigelegele. Na juu yake hakuna kitu. Umeuosha kama sahani.

Nilitembea na kitambaa kutoka mwanzo mpaka mwisho, mita kwa mita, nikisema labda anatokea mara moja kwa jora. Hatokei.

Nilienda kwa Étienne bila kuvua dole la chuma la kushonea. Nikamukuta anakunywa chai.

"Prezida, ng'ombe yuko wapi?"

"Ng'ombe gani, Mama Ikirezi?"

"Yule aliyeandikwa mwezi wa nne. Uliandika kwa mkono wako."

Akatafuta dosie yake. Akanionyesha karatasi iliyokuja kwako huko Dar. Ng'ombe yuko, mstari wa tano. Kisha akanionyesha picha uliyorudisha. Hayuko.

"Mimi nilidhani ni mambo ya mashine," akasema. "Kwamba pembe hazichapiki. Fundi wa Dar katuma, tukasaini."

"Hukuuliza?"

Akakoroga chai yake. "Mama Ikirezi, ukweli? Nilipoona hayuko, nilipumua. Nikasema, hilo moja limejiondoa lenyewe."

Angalau alisema. Sasa nakuuliza weye, na usiniletee habari ya rangi ya kijani. Nani alimutoa?

Hesabu iko hivi. Boti inaondoka tarehe 10 mwezi wa nane. Kutoka kesho mpaka tarehe 9, ukitoa siku za Mungu, niko na siku thelathini na moja za kazi. Nguo thelathini na nane kwa mashine nne zinanimaliza siku kumi na tano. Zinabaki kumi na sita. Hizo kumi na sita ni zangu, na naanza kuzitumia kesho: mashine zimefunikwa. Étienne amepita mara mbili kuuliza kama kuna shida ya umeme.

Nyirabahizi


Mbagala, 11 Julai 2023

Yaya,

Nilimtoa mimi.

Si komite, si bosi, si mashine. Pembe zinachapika vizuri sana. Nilimchora siku tatu. Nilimkumbuka yule mwenye baka jeupe aliyepitishwa mbele ya atelie yako siku moja, ukatoka nje na utepe shingoni kumtazama mpaka akapotea kona. Alikuwa kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kuchora. Kumtoa kulinichukua kubonyeza mara moja.

Naandika ilivyokuwa. Nilikuwa na furaha na ile picha, nikamtumia binamu yangu Makobola. Alijibu kwa sauti, maneno matatu: "Huyo anatoka wapi?" Nilisikiliza mara nyingi. Nikamfikiria mama yangu amejifunga kitenge hicho, anapita barabara ya Fizi, na watu wanamtazama kiunoni. Unajua Makobola tulizika akina nani mwaka ule wa vita, na watu husema waliowaua walishuka kutoka milima ya ng'ombe. Nilikuwa na miaka sita. Baba yangu yumo. Sijawahi kukuambia, na wewe hukuwahi kuuliza. Ulinipa benchi, ukanipa karatasi, ukanishonea suruali ya mtihani wa taifa bila kunipima mara mbili. Hukuhusika na lolote, nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini mkono haukungoja nifikiri. Nikaona ng'ombe, nikaona milima, nikaona mama.

Sikumuuliza mama. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilichukua woga wangu na wa binamu yangu, nikauchapa kwa mji mzima.

Na kisha nilijifariji kwa mafundisho ya bosi. Yeye anasema picha ya mji isiulize swali. Nikajiambia nimefanya kazi safi. Ulipoandika juu ya zile alama sitini na moja ukutani, nilikaa na barua mapajani mpaka chakula kikapoa, na bado nilikujibu kuhusu kijani.

Kuchapa upya haiwezekani, majora yote yameisha. Niambie unataka nifanye nini. Ukitaka nisikuandikie tena, nitaelewa, lakini niambie hilo pia.

Marcellin


Songo, 23 Julai 2023

Marcellin,

Barua yako ilifika Jumapili iliyopita tukitoka kanisani. Niliisoma nimesimama. Nilikasirika mpaka saa kumi. Halafu nikasema, kukasirika hakushoni.

Jumanne nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Makobola. Nilibeba kikwembe yadi sita, na kipande cha kitambaa cha kahawia nilichokata umbo la ng'ombe, ukubwa wa kiganja. Nilimukuta mama yako anageuza ndagala kwenye mchanga, amejifunga kitambaa magotini. Alinipa kiti, akanipa maji, akaniuliza kama umekonda. Nikatandika kikwembe juu ya mkeka.

Akakitazama muda mrefu. "Mutoto wangu amechora hivi?"

"Amechora."

"Na huu mulima mbona uko uchi?"

Nikaweka ng'ombe wangu wa kahawia juu ya mulima. Nikamueleza kisha kwamba ulimuchora, na ulimutoa, na ulimutoa kwa ajili yake.

Aligeuza ndagala mustari muzima, akarudi.

"Nyirabahizi, minye nisikudanganye. Huyo mnyama usiniwekee. Nikimuona kwenye mwili wangu nitaona mambo mengine, si kosa lake na si kosa lako. Mwili wangu haujafika huko."

"Nimesikia, mama."

"Lakini muji si mwili wangu. Nani alimutuma Marcellin aseme kwa kinywa changu? Nimekufa?"

Akakunja kikwembe, akakiweka kando yake. Amekipokea vile kilivyo. Akanipa ndagala ndoo nzima, nikakataa, akasema nikikataa ananirudishia kikwembe. Nimekuja na ndoo mapajani mpaka Songo. Nguo yangu bado inanuka.

Nikiwa juu ya ile moto njo nilijua cha kufanya. Kila muntu kati ya wale thelathini na nane lazima apite kwangu kupimwa. Pale anaponyosha mikono na utepe uko kifuani, tuko wawili tu, hakuna komite. Nikaita vipimo Jumatano mpaka Jumamosi. Kila mumoja nilimuonyesha ng'ombe wa kiraka nikamuuliza: "Nikushonee huyu juu ya mulima, ama mulima ubaki?" Basi. Sikueleza, sikubembeleza. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo, ni mukosi, kwa hiyo nimehesabu watu.

Kumi na tisa: ndiyo. Kumi na wawili: hapana. Saba wakasema, "Fanya unavyotaka, Mama Ikirezi." Hao saba niliwaita tena Jumamosi saa tisa. Niliwaambia mashine yangu iko na pedali moja, inaenda ama inasimama. Wanne wakasema ndiyo, watatu hapana. Jumla ishirini na watatu kwa kumi na watano.

Ungeniambia kabla, ningesema nitapata watano.

Gédéon aliuliza kama anaweza kupata wawili, kimoja mgongoni, ili wavuvi wa Kigoma wamuone hata akiwapa kisogo. Mama mumoja wa machinjioni alisema ndiyo, akalia, hakunieleza kwa nini, nikaendelea kupima mkono. Étienne alikuwa kati ya wale saba. Mara ya pili akasema hapana. "Si kwa chuki, Mama Ikirezi, kwa cheo." Nikaandika hapana. Ni haki yake, na suti yake itakaa vizuri sawa na ya wengine.

Na Ikirezi.

Nilimupima wa mwisho. Nilikuwa nimeshakata kiraka chake, kizuri kuliko vyote, cha ngozi laini. Akakitazama akasema, "Hapana, mama."

Nikafikiri hakusikia. Nikarudia.

"Nimesikia. Minye nimezaliwa Songo. Sijawahi kukamua. Nikienda kule juu mbuzi wananishinda. Ng'ombe ni wako, nakuheshimu naye. Lakini nikisimama Kigoma na huyu kifuani, watu wataniuliza natoka wapi. Nataka niseme Uvira, na iishie hapo."

Nilikaa juu ya benchi. Marcellin, miaka ishirini na tano natafuta muntu wa kusema hivyo kuhusu minye, na mutoto wangu amelisema kuhusu yeye, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja namba ya kiatu. Sikujua nifurahi ama nilie. Nilimuandika hapana. Ni wa kumi na tano.

Jana jioni Étienne alikuja, amesikia. Akasema haiwezekani, nusu hivi nusu vile, tutafika Kigoma kama watu wa miji miwili. Chapa ya muji njo kufanana. Nikamwambia: Prezida, mulima usio na swali muntu anautazama, anapita. Wakituona tumetofautiana, watauliza kwa nini. Wakiuliza wamesimama. Wakisimama umeshawapata, hiyo si njo nguvu yako laini? Akasema na majibu yatakuwa ya namna thelathini na nane. Nikasema ndiyo, tuko wengi. Akatazama kalenda yangu ukutani. Anajua hesabu: siku zangu kumi na sita ziliisha jana, na hakuna atelie nyingine Uvira ya kumaliza kwa kumi na tano zilizobaki. Akasema, "Anza, basi."

Kesho naanza.

Sasa weye. Umeniuliza nataka ufanye nini. Mambo mawili.

Moja, uandikie komite, kwa jina lako, useme ulimutoa. Watu hapa wanasemeana kwamba Étienne alimutoa, ama Gédéon, ama wazee wa mtaa fulani. Jambo lako linawala wengine.

Pili, nimemwambia Étienne liste iongezwe muntu mumoja, yule aliyechora. Amekubali, weye uko upande ule wa ziwa, huli nafasi ya boti. Thelathini na nane imekuwa thelathini na tisa. Ikirezi atakuletea shati Kigoma. Nitumie kifua, bega na mkono. Na lile swali ninalouliza watu wote, nakuuliza na weye. Usijibu cha kunifurahisha. Mama yako amesema hapana, nimekula samaki wake.

Yaya wako,
Nyirabahizi


Mbagala, 29 Julai 2023

Yaya,

Barua ya komite iko ndani ya bahasha hii, wazi, uisome kabla ya kumpa Étienne. Nimeandika kwa mkono ili wasiseme ni ya ofisi. Bosi nilimweleza pia. Hakunifukuza. Ameniondoa kwenye miji, amenirudisha kwenye maua. Tangu Jumatano nachora waridi.

Nilimpigia mama. Alinigomba kwa dakika ishirini bila kupumzika, kisha akaniuliza kama nakula. Tulizungumza juu ya baba kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima. Sitayaandika hapa. Alisema kitenge chako amekwenda nacho kanisani na hakuna aliyekitazama vibaya.

Vipimo: kifua 98, bega 45, mkono mfupi 24. Shingo niachie nafasi, joto la Kigoma nalijua.

Nimelala na swali lako siku mbili. Mama amejibu la kwake. Ikirezi amejibu la kwake, na nikisimama kando yake nitamwachia aseme Uvira iishie hapo, sitaongeza neno. La kwangu ni ndiyo.

Nikuombe jambo moja la kifundi, kama unaniruhusu. Mlima uko upande wa kushoto wa kifua. Ukimshona, kichwa chake kielekee vifungo, kisielekee kwapa. Asionekane kama anaondoka.

Marcellin